Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: mwacheni mgonjwa avae shati lake mwenyewe

Kwenu wakurugenzi wa hospitali, matroni wakuu, wakubwa wa wizara za afya, watu wa bima na nyie mnaopanga mitaala ya vyuo vya uuguzi, salamu kwanza. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi na watu walioumia ubongo, waliopata ajali, walioanguka kutoka juu, waliopigwa kichwani, na wa kiharusi pia manake wodi yetu haichagui. Sitawaomba mashine. Najua barua nyingi mnazopata zinaomba mashine na vitanda vya umeme, na vyote hivyo ni vizuri, ila mimi naomba kitu ambacho hakina risiti, labda ndo maana hakijawahi kuingia kwenye bajeti ya mtu: naomba muuguzi aruhusiwe kusimama pembeni ya kitanda na kusubiri.

Ndiyo, kusubiri. Msicheke kwanza.

Chukulieni shati. Mtu aliyeumia upande wa kulia wa ubongo mara nyingi mkono na mguu wa kushoto ndo unakuwa mzito, na kwa wengine sio mkono tu, upande wote wa kushoto kwake ni kama haupo, anakula nusu ya sahani na kusema ameshiba, ananyoa nusu ya ndevu, ukimwita ukiwa kushoto kwake hageuki. Sasa mpe shati. Atalitazama, ataligeuza, ataingiza kwanza ule mkono mzima kwa sababu ndo unaomtii, alafu akija kwenye ule mzito shati limeshabana mgongoni halivutiki. Kazi yangu hapo ni maneno matatu manne tu, "anza na mkono mzito", namgusa lile bega la kushoto ili akumbuke kwamba lipo, alafu nanyamaza. Anaubeba mkono mzito kwa mkono mzima, anauchomeka, anavuta kitambaa mpaka begani, anahema, anapumzika, anazungusha shati nyuma, anaingiza mkono wa pili. Kifungo cha kwanza kinaingia tundu la pili. Naona, nanyamaza, nasubiri aone mwenyewe akifika kwenye kola, na mara nyingi anaona. (Kuvua ni kinyume, mkono mzima unatoka kwanza, na familia nyingi hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo, ndo maana wanavuta mikono ya watu mpaka bega linateguka.)

Wakati shati liko nusu mgongoni anapita msimamizi wa zamu, anasema "huyo bado tu? Raundi inaanza sasa hivi." Na simlaumu, yeye naye ana mkubwa wake na ana karatasi inayosema wagonjwa wote wawe wameogeshwa na kuvishwa kabla madaktari hawajaingia. Basi nesi anamvisha chap chap, shuka limenyooka, mgonjwa anang'aa, kila mtu anaridhika. Kesho hivohivo, kesho kutwa hivohivo. Zikipita wiki kadhaa mpe yule mtu shati lake uone, anakutazama wewe usoni na kunyoosha mikono asubiri kuvishwa. Hapo hatuwezi kusingizia ubongo peke yake. Tumemfundisha kutoweza, na somo amelishika vizuri sana.

Ubongo ulioumia unajifunza upya kwa kurudiarudia, kitu kilekile, mara nyingi, kwenye mazingira yaleyale ambako kitatumika. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, anakuja na kufanya kazi nzuri, mtaalamu wa tiba kazi, anayefundisha shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, akiwepo naye anakuja, alafu wanaondoka, na wikiendi sehemu nyingi hawapo kabisa. Sasa saa zilizobaki kwenye zile 24 mgonjwa yuko na nani? Kila anapokunywa maji, kila anapotaka kwenda chooni, kila anapogeuka kitandani, kila anapopigwa mswaki, hayo yote ni mazoezi ya utengamao, yaani ya kumrudishia mtu uwezo wake, au ni nafasi imepotea, na anayeamua ni nesi aliyeko zamu, na anayemwamulia huyo nesi kama ana muda ama hana ni nyie.

Na wala sio habari mpya. Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani, nadharia yake ya kujihudumia inafundishwa vyuoni tangu miaka ya 1970. Alisema kuna wakati nesi anafanya kila kitu kwa sababu mgonjwa hawezi kabisa, kuna wakati wanagawana kazi, na kuna wakati nesi anabaki kuelekeza na kutia moyo tu huku mgonjwa anafanya mwenyewe. Ngazi tatu, kila mwanafunzi anazikariri, tunaandika kwenye mtihani tunapata maksi, alafu tunaingia wodini tunakuta ngazi inayotakiwa ni ile ya kwanza tu kwa wote kuanzia siku ya kulazwa hadi siku ya ruhusa. Nyie wa mitaala hapo mnanisikia. Mwanafunzi anatahiniwa jinsi ya kumwogesha mgonjwa kitandani hatua kwa hatua mpaka maji ya mara ngapi, ila sijakutana na mtihani wa vitendo unaompima jinsi ya kumwongoza mtu anawe uso mwenyewe bila kumwingilia.

Tuje kwenye vipimo manake najua nyie watu wa ofisini mnapenda namba. Kila hospitali inajua kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile cha Teasdale na Jennett cha mwaka 1974, macho alama 4, usemi 5, viungo 6, jumla 15 na chini kabisa ni 3. Kipimo kizuri, kimeokoa watu wengi, sina ugomvi nacho. Tatizo langu ni kwamba mtu akifika 15 kwenye faili panaandikwa yuko vizuri na mazungumzo ya ruhusa yanaanza. 15 inasema anafungua macho mwenyewe, anajua yuko wapi, anatii ukimwambia nyanyua mkono. Haisemi kama akiingia bafuni atakumbuka kwanini ameingia. Haisemi kama atapima joto la maji kabla ya kujimwagia kwa ule mkono usiohisi. Haisemi kama ataamka asubuhi akae ukingoni mwa kitanda mpaka mchana na mswaki mkononi, sio kwamba mvivu, ile swichi ya kuanza jambo ndo imeumia, mtu anajua kupiga mswaki, ukimuuliza anakueleza, ila hawezi kuanza mpaka mtu amwambie anza. Familia zinawaita watu hawa wavivu na wakaidi kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Kuna kipimo cha Barthel tangu 1965, cha kuona mtu anajihudumia kiasi gani, kimetengenezwa na Florence Mahoney na Dorothea Barthel, vipengele 10, kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na ngazi. Jumla 100. Nesi anakijaza kwa dakika chache bila mashine yoyote. Naomba kiwekwe kwenye faili la kila aliyeumia ubongo siku anaingia wodini na siku anatoka, na ile tofauti muisome nyie kwenye vikao vyenu kama mnavyosoma idadi ya vitanda. Ila kwa hawa wetu msikiamini chenyewe peke yake, manake kinapima mwili, mtu anaweza kupata 100 safi na bado akaacha jiko linawaka akalala. Kiongezwe ukurasa mmoja wa kumbukumbu, kuamua mambo, kuanza jambo bila kuambiwa na kujua hatari, kwa maneno ya kawaida ambayo hata mke wake akisoma anaelewa.

Sasa kuna kitu lazima nikiseme hata kama kitawaudhi. Fomu zenu za matukio zinatuadhibu upande mmoja. Mgonjwa akianguka wakati nimemsimamisha aende chooni, naandika fomu, naitwa, naulizwa nani alikuruhusu, na naelewa, kuanguka kwa mtu mwenye kichwa kilichoumia sio mchezo hata kidogo. Lakini mgonjwa akilazwa mgongoni wiki baada ya wiki mpaka vifundo vinakakamaa, kisigino kinatoka kidonda, misuli ya mapaja inaisha, hakuna fomu. Hakuna anayeitwa. Sasa nesi mwenye akili atachagua nini? Atapandisha vizuizi vya kitanda na kumwekea pampasi. Mmepanga wenyewe mambo ili kumwacha mtu kitandani kuwe ndo usalama wetu sisi wafanyakazi, alafu mnashangaa kwanini wodi haitoi watu wanaotembea.

Pampasi na mpira wa mkojo niongezee hapohapo. Mpira unawekwa ICU, kule kwa mahututi, kwa sababu za msingi kabisa, mgonjwa hana fahamu, lazima mkojo upimwe. Alafu anahamia kwetu nao, na hakuna aliyeandika utoke lini, unabaki kwa sababu unatupunguzia kazi, na siku zinavyozidi ndo maambukizi yanavyokaribia. Ukitoka panatakiwa mtu wa kumpeleka chooni kwa ratiba, kila baada ya saa mbili hivi mchana, akiamka, akimaliza kula, kabla ya kulala, hata kama amesema hataki, manake wengi hawahisi mpaka imeshachelewa. Ni kazi. Inachosha. Lakini nimeona mtu mzima aliyekuwa hasemi na mtu, kichwa kimeinama kutwa nzima, siku alipokaa chooni mwenyewe mlango umerudishwa, alitoka anauliza nguo zake za nyumbani ziko wapi.

Kumeza ndo penye kifo kabisa. Mtu aliyeumia ubongo anaweza kupaliwa bila kukohoa, chakula kinaingia njia ya hewa kimyakimya, hakuna kelele, hakuna macho kutoka, alafu siku mbili tatu baadaye homa na nimonia, na watu wanasema ameshikwa na baridi. Kabla hajapewa chochote mdomoni apimwe uwezo wa kumeza, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kufanya uchunguzi ule wa mwanzo, sio lazima msubiri mtaalamu ambaye pengine hamna. Akila awe amekaa wima kabisa, kidevu kimeshuka kidogo kama mtaalamu ameshauri hivyo, kijiko kidogo, asubiriwe ameze kabla ya kijiko cha pili, aangaliwe shavu la upande dhaifu manake chakula kinajificha humo, asilazwe mpaka ipite kama nusu saa. Na meno yapigwe mswaki hata kama halishwi kwa mdomo, uchafu wa mdomoni ndo unaoshuka mapafuni. Haya yote nesi hawezi kumfanyia hata mgonjwa mmoja kwa haraka, na mkimpa nesi mmoja wodi nzima ya kulisha kwa wakati mmoja mjue tayari mmeshaamua nani atapaliwa.

Alafu hili la fujo. Wengi wakianza kuamka wanapita kipindi cha kuchanganyikiwa, wanang'oa dripu, wanatukana, wanapiga, wanataka kwenda nyumbani saa nane usiku. Kwenye ngazi za Rancho Los Amigos, zile za kupima jinsi akili inavyorudi baada ya ubongo kuumia, zilizotengenezwa California miaka ya 1970, hiyo ni ngazi ya nne kati ya nane, yaani mtu yuko njiani, anapanda. Tunachofanya sisi tunamfunga mikono na kumchoma dawa ya kumlaza, na dawa hizo zinaweza kumzidishia kuchanganyikiwa, na kamba zinamzidishia hofu. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kuangalia kama kibofu kimejaa, kama amefunga choo, kama anaumwa mahali, kama ana homa. Baada ya hapo taa zipungue, redio izimwe, wageni wawe mmoja mmoja, sentensi fupi, saa na kalenda ukutani anapoweza kuona, na sura ileile. Narudia, sura ileile. Kumbukumbu yake haishiki kitu, kila sura mpya ni mtu mgeni aliyekuja kumgusa mwilini, hata mimi ningepiga. Na nyie kila mwezi mnatuhamisha, huyu aende upasuaji, huyu wazazi, huyu arudi hapa, eti ili tupate uzoefu wa kila wodi. Muuguzi anaanza kumjua mgonjwa, anajua kwamba huyu akianza kusugua goti ujue anataka choo, tarehe moja anahamishwa na ujuzi wote ule unaondoka naye manake hakuna faili lenye sehemu ya kuandika goti. Waacheni watu kwenye wodi hii angalau mwaka, na waliopenda wenyewe waje, sio kutumwa kama adhabu.

Najua mtasema hatuna watu. Kweli hamna, naona kwenye ratiba. Lakini fikirini hivi, kumsubiri mtu avae kunakula muda mwingi wiki za mwanzo, baadaye kunapungua na mwisho anavaa yeye na nesi yuko kwa mwingine, ila kumvisha hakupungui siku hata moja, utamvisha mpaka anaondoka na nyumbani watamvisha mpaka mwisho. Na wale wanaorudi na nimonia na vidonda vya kulalia wanakaa muda mrefu kwenye vitanda hivyohivyo mnavyosema havitoshi. Nyie wa bima ndo mnalipa gharama hizo zote alafu mnagoma kulipia siku chache za kumfundisha mtu na ndugu yake kabla ya ruhusa, mnasema matibabu yamekwisha, mgonjwa yuko imara. Imara! Hawezi kushuka kitandani.

Ndugu za mgonjwa nao tunawatendea vibaya. Tunawafukuza wodini wakati wa kuogesha, wakati wa kulisha, wakati wa raundi, wanaruhusiwa saa ya kutazama tu, alafu siku ya ruhusa tunawakabidhi mtu, karatasi, na mfuko wa dawa hapo kwenye korido, maelezo dakika chache huku dereva anapiga honi. Kuanzia hapo mke ndo nesi, mama ndo nesi, binti ameacha shule ndo nesi. Waingizeni mapema. Wamgeuze tukiwaona, wamlishe tukiwaona, wamhamishe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti tukiwa tumemshika kiuno pamoja nao, walale naye usiku mmoja kabla ya kuondoka wafanye kila kitu wenyewe sisi tukae pembeni tuone wapi pamekwama. Ruhusa isisainiwe mpaka hilo limefanyika, kama vile haisainiwi mpaka bili imeangaliwa.

Na waambiwe ukweli kuhusu tabia, manake mwili kila mtu anauona ila tabia ndo inavunja nyumba. Mtu mpole anarudi na hasira za kulipuka, anasema maneno ya aibu mbele za watu, hajui kama amebadilika na ukimwambia anakuona muongo. Watu wa fani wote wanamjua Phineas Gage, yule msimamizi wa reli wa Marekani ambaye mwaka 1848 chuma kilipita kwenye fuvu lake, na hadithi yake huwa inaishia kwenye jinsi tabia ilivyoharibika. Sehemu inayorukwa ni kwamba baadaye alienda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi yenye saa maalum, njia maalum, farasi walewale wa kuandaa kila alfajiri. Wachunguzi wengine wanaona ule utaratibu wa kila siku ndo ulimsaidia kusimama tena, na mimi kwa ninayoyaona wodini naelekea kuwaamini. Kwahiyo mtu wetu akienda nyumbani aende na siku iliyopangwa, kuamka saa ileile, vitu sehemu ileile, daftari moja tu la kumbukumbu sio vikaratasi kumi, kengele ya simu ya kumkumbusha dawa. Apumzike kabla hajachoka, kwa sababu uchovu wa ubongo haubembelezeki, ukifika umefika. Pombe aache. Dawa ya kifafa asikatishe ghafla hata akijiona mzima, na usukani asishike mpaka apimwe na kuruhusiwa. Haya yanaenea kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili cha watu, maandishi makubwa, na mtu apige simu baada ya wiki kuuliza yanaendaje. Simu tu jamani.

Mimi siwaombi mtunge sera mpya, sera mnazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 26, unasema utengamao uanze mapema iwezekanavyo. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Utengamao 2030 mwaka 2017, linasema watu kama bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo utengamao ungewasaidia, na Mei 2023 Baraza la Afya Duniani, ule mkutano wa nchi wanachama huko Geneva, likapitisha azimio la kuimarisha huduma hizi kwenye mifumo ya afya. Mlikuwepo Geneva, mlinyoosha mikono. Kutoka ile mikono mpaka kwenye mkono wa mgonjwa wangu unaotafuta tundu la shati pana umbali, na umbali wenyewe ni kitu kidogo tu, karatasi ya ratiba ya zamu, fomu ya matukio na mstari mmoja wa bima.

Ratiba ya mwezi ujao bado haijabandikwa. Wekeni majina ya waliokuwepo mwezi huu, ongezeni mtu mmoja asubuhi kuanzia kuamka mpaka chai iishe, na raundi ya wodi yetu ianze baadaye kidogo, madaktari tumeshaongea nao wengi hawana shida. Na mkitaka kuona ninachosema mje wenyewe saa kumi na mbili asubuhi, mmoja au wawili inatosha, simu mziache kwenye gari, vaeni viatu vya kusimama. Mtapewa kiti kimoja cha kupokezana, na sharti letu ni moja tu, mtu akihangaika na kifungo msimsaidie.

Wenu,
Muuguzi wa wodi ya utengamao